Sheria Ipi Ndiyo Kubwa?

Mtaani kwao watu hawakuamshwa na jogoo. Waliamshwa na maji ya Bibi Pasi yakianguka kwenye beseni.

Bibi Pasi alikuwa dobi. Alifua, akasuuza, akaanika, kisha akashika pasi yake ya mkaa. Shati la mzee likitoka mezani pake, lilikuwa limerudi ujanani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, na jina lake la kuzaliwa wengi walikuwa wamekwisha kulisahau.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na meza, kamba na nguo za watu. Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda chake na kitanda kidogo cha mjukuu wake. Mjukuu huyo walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Bibi, kwa nini kola hupigwa pasi kwanza?"

"Kwa sababu watu hukutazama shingo kabla ya tumbo."

"Na mwenye tumbo kubwa je?"

"Nenda shule, mke mwenzangu! Utachelewa."

Alimwita mke mwenzangu kwa utani, kama bibi wafanyavyo kwa wajukuu wao wa kike. Lakini chini ya utani huo palikuwa na huzuni ya zamani. Mama yake Chiriku alikuwa binti pekee wa Bibi Pasi. Alifariki kabla mtoto hajajua kutembea. Baba yake alifanya kazi mbali, akawa anakuja na kurudi. Mwaka uliopita naye aliugua, akafariki. Bibi na mjukuu wakabaki wawili, na pasi ya tatu.

Jumamosi moja alikuja Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yake Chiriku. Alikuwa seremala katika mji wa jirani, na nywele zake zilikuwa na vumbi la mbao. Chiriku alimrukia shingoni. Baba Mdogo akacheka.

Mkono wa Bibi Pasi ukasimama juu ya meza. Kile kilikuwa kicheko cha marehemu kabisa. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika ghafla.

Walipokwisha kunywa chai, na mtoto alipotoka kucheza, Baba Mdogo alikaa vizuri.

"Mama, nimekuja kwa jambo."

"Sema, mwanangu."

"Nimekuja kuhusu mtoto. Kwetu mtoto ni wa upande wa baba. Kaka alinishika mkono siku zake za mwisho. Aliniambia, usimwache mwanangu akapotea. Jumamosi ijayo nitakuja kumchukua, akae na wanangu."

Bibi Pasi aliweka kikombe chini.

"Lakini hapa hajapotea. Yuko kwangu."

"Najua, Mama. Umemlea vizuri na Mungu atakulipa. Lakini sheria ni sheria."

"Sheria gani hiyo?"

"Mila. Ilikuwapo kabla ya serikali, kabla ya babu zetu. Wewe mwenyewe unajua, mkubwa hatanguliwi mlangoni."

Baba Mdogo aliaga kwa heshima. Alipofika mlangoni akasikia bawaba inalia. Akarudi, akatoa bisibisi mfukoni, akaikaza, akaufungua na kuufunga mlango mpaka ukanyamaza. Ndipo akaenda zake.

Hapo Bibi Pasi alizidi kuchanganyikiwa. Angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Ungemfukuza, ungemsema, ungelala. Lakini mtu anayekuja kukuchukulia mtoto na kukutengenezea mlango, unamfanyaje?

Jirani yake wa ukuta alikuwa kinyozi. Kinyozi huyo alijua kila habari, na asiyoijua aliimalizia mwenyewe.

"Bi Mkubwa, mbona leo pasi inatoa moshi na wewe hutoi neno?"

Bibi akamweleza. Kinyozi akainua wembe juu kama mtu anayehutubia. Mteja wake, fundi mwashi, alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

"Hana ubavu!" alisema Kinyozi. "Kuna Katiba. Nilisikia redioni. Kila mtu ana haki ya kukaa anapotaka. Na haki ya kusema. Na haki nyingine nyingi, sikuzisikia zote, nilikuwa nanyoa. Chiriku aseme tu 'sitaki', yamekwisha."

"Wewe nyoa," alisema Mwashi. "Bibi, usimsikilize huyu. Kuna sheria ndogo za mji. Kila mwenye nyumba anatakiwa kuandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa watu anaokaa nao. Mtoto asiye na mzazi ni mgeni. Wewe umemwandikisha?"

"Sijamwandikisha."

"Basi umekwisha kuvunja sheria. Mtoto ataondoka tu."

"Ah, sheria ndogo ni ndogo!" alisema Kinyozi.

"Siafu naye ni mdogo. Mbona ukimkanyaga unavua suruali?"

Wakacheka. Bibi Pasi hakucheka. Alirudi kwenye meza yake na kichwa kizito. Mila inasema hivi. Katiba inasema vile. Sheria ndogo nayo inasema lake. Zote zinaitwa sheria. Sasa mtu atii ipi?

Akawaza jinsi alivyolelewa. Kwao, mkubwa ndiye aliyesema kwanza. Akisema mkubwa, mdogo hunyamaza. Basi sheria nazo huenda ziko hivyo hivyo. Katiba yenyewe ilitangazwa yeye akiwa mtu mzima, na aliikumbuka siku ile na nyimbo zake. Mila alizikuta. Kwa hiyo mila ndiyo kubwa. Na yeye hajawahi kumvunjia mkubwa heshima.

Akachukua nguo za Chiriku. Akazipiga pasi moja moja, polepole kuliko nguo ya mteja yeyote. Akazipanga kwenye mfuko.

"Tunasafiri, Bibi?" aliuliza Chiriku.

"Wewe unasafiri."

"Na wewe?"

Bibi alijifanya anapuliza mkaa. Kwa mara ya kwanza Chiriku hakuuliza tena.

Jumatatu asubuhi Bibi Pasi alizungusha nguo za wateja nyumba kwa nyumba kama kawaida. Alikuwa dobi ambaye hajawahi kuchanganya hata soksi. Lakini siku hiyo macho yalikuwa kwenye nguo na moyo ulikuwa kwenye mfuko.

Kabla ya adhuhuri mtu alibisha hodi. Alikuwa Dada Sheria. Watu walimwita hivyo kwa sababu alifanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria, mahali ambapo mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili husikilizwa. Mkononi alishika gauni dogo la njano.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Bibi, nilikuletea koti langu jeusi. Nimerudishiwa hili. Nimejaribu kulivaa, limegoma kwenye kiwiko."

Bibi Pasi alilitazama gauni la Chiriku. Akaushika mdomo wake. Alifungua mfuko wa safari wa mtoto, na pale juu palikuwa na koti jeusi, limekunjwa vizuri. Akaanza kuomba radhi, lakini machozi yakatangulia maneno.

Dada Sheria hakuuliza kwa haraka. Alivuta kiti. Hakukiweka ng'ambo ya meza kama mteja, alikileta upande wa Bibi, akaketi karibu naye.

"Una nini, Bibi?"

Akaambiwa yote. Baba Mdogo na mila. Kinyozi na Katiba. Mwashi na siafu wake. Alisikiliza mpaka mwisho, hata palipochekesha hakucheka.

"Na wewe umeamua kutii mila?"

"Si ndiyo kubwa, mwanangu? Ndiyo ya zamani kuliko zote."

"Sheria hazipangwi kwa umri, Bibi."

"Hee! Zinapangwa kwa nini basi?"

"Kwa nguvu zilizopewa. Nikueleze taratibu. Sheria ni kama maji unayofulia. Yanaweza kutoka bombani, kisimani au mvuani. Sheria nazo zina chemchemi nyingi. Ya kwanza ni Katiba. Hiyo ndiyo sheria mama."

"Mama?" Bibi alishtuka. "Kama Katiba ni mama, basi mila ni bibi. Imemtangulia. Na bibi ana kauli juu ya mama!"

Mfano wake ulikuwa umepinduka. Dada Sheria alichezea kifungo cha mkono wa shati lake, kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Bibi Pasi aliuvuta mkono ule bila kuuliza, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kukishona. Alikuwa hawezi kusikiliza vizuri mikono ikiwa mitupu.

"Haya Bibi, twende hivyo hivyo," alisema Dada Sheria. "Tuseme mama yake Chiriku yuko hai. Mtoto ana homa. Wewe unasema asuguliwe tangawizi. Mama yake anasema aende hospitali. Nani ataamua?"

Sindano ilisimama.

"Mama yake," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Mtoto ni wake."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Ningeshauri. Ningemsugua tangawizi akirudi kutoka hospitali."

"Mama yake angekufukuza?"

"Binti yangu? Thubutu! Angenisikiliza. Panapofaa angenifuata. Pasipofaa angeniambia, mama, hapana."

"Basi ndiyo hivyo. Mila ni bibi mwenye heshima. Inasikilizwa, na mahakama huifuata mahali pengi. Lakini anayeshika nyumba ni mama. Mila ikigongana na Katiba, Katiba ndiyo inayofuatwa. Nchi nyingine hupanga kidogo tofauti, lakini kwetu ni hivyo."

Bibi aliendelea kushona. Alikuwa anaelewa, kisha anapoteza, kisha anaelewa tena.

"Kwa hiyo Kinyozi alisema kweli?"

"Nusu. Katiba husema maneno makubwa kwa ufupi. Inasema mtoto alindwe. Haisemi nani atampikia uji. Kwa hiyo Bunge hutunga sheria za kueleza zaidi. Mojawapo ni Sheria ya Mtoto. Na mtoto hawezi kuamua peke yake atakaa wapi, ingawa ni lazima asikilizwe."

"Na siafu wa Mwashi?"

Hapo Dada Sheria akacheka kweli.

"Sheria ndogo hutungwa na mji, kwa sababu Bunge limeuruhusu mji kutunga. Haiwezi kutoka nje ya ruhusa hiyo. Ile ya kuandikisha watu ipo, na ni wajibu wako kwenda kwa mwenyekiti. Nenda leo. Lakini kazi yake ni kujua nani anakaa wapi. Haina nguvu ya kumtoa mtoto kwa bibi yake. Na kwamba mtoto ni mgeni, hilo halimo. Mwashi amelijenga mwenyewe."

"Alikuwa amenyolewa upande mmoja," alisema Bibi. "Labda ndiyo maana." Akakata uzi kwa meno. Kisha akasema neno lililokuwa likimtisha. "Kwa hiyo sheria inasema Chiriku ni wangu."

"Hapana, Bibi."

Bibi Pasi akamtazama.

"Sheria haisemi ni wako, wala haisemi ni wa baba yake mdogo. Mtoto si shati la kuulizwa ni la nani. Sheria ya Mtoto inauliza, nini kitamfaa mtoto huyu? Mahakama za juu nazo zimekwisha kuamua kesi kama hii. Uamuzi wao ni chemchemi nyingine ya sheria, maana mahakama za chini huufuata. Walisema mila isikilizwe, lakini isipite faida ya mtoto."

"Basi naweza kumkosa."

"Unaweza. Sitakudanganya. Lakini usimtoe kwa sababu ya kuchanganyikiwa."

Mchana ule Bibi Pasi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumwandikisha mjukuu wake. Kisha Dada Sheria alimpeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii. Afisa alikuja chumbani, akaona kitanda kidogo nyuma ya pazia, akazungumza na mwalimu wa Chiriku. Akasafiri pia kwenda kwa Baba Mdogo, akaona nyumba safi na watoto wenye afya. Akawaita wote wawili wapatane.

Hawakupatana. Baba Mdogo alikasirika.

"Mama, umenipeleka serikalini? Mimi?"

"Sikukupeleka kukushitaki. Nimekwenda kuuliza."

"Mila haiulizwi!"

Afisa akalipeleka shauri kwenye mahakama ya watoto. Hata hivyo Baba Mdogo alikubali asimchukue mtoto mpaka mahakama iseme. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda mahakamani Bibi alijirudia kama mwanafunzi: Katiba, sheria za Bunge, sheria ndogo, maamuzi ya mahakama, mila. Alipofika kwenye mila, Katiba ilikuwa imempotea. Akaanza upya, akapitiwa na usingizi njiani.

Chumba cha mahakama ya watoto hakikuwa cha kutisha. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, ameketi kwenye meza ya kawaida. Mbele yake palikuwa na viti vidogo na vikubwa. Bibi Pasi alimtazama kola. Ilikuwa imepigwa pasi na mtu mwenye haraka.

Baba Mdogo alisema kwanza. Alieleza mila ya ukoo wao, na maneno ya kaka yake. Sauti ilimkatika alipofika kwenye mkono ulioshikwa.

"Mila ni mkubwa wetu, Mheshimiwa," alimaliza. "Mkubwa hapuuzwi."

Hakimu akamgeukia Bibi. "Na wewe, Mama?"

Bibi Pasi alisimama. Maneno yote aliyojifunza yakatawanyika kama nguo zilizokosa vibanio siku ya upepo. Katiba iliruka huku, Bunge kule. Alishika upindo wa kanga yake.

"Mheshimiwa, mimi sheria zimenichanganya," alisema. "Huyu mwanangu anasema kweli. Mkubwa hapuuzwi. Lakini mimi nami ni mkubwa, ni bibi. Najua kazi ya bibi ni kushauri, si kushika kila kitu. Mila inishauri. Nami nimwambie huyu, kaka yako hakusema umchukue. Alisema asipotee. Basi mtazameni mtoto mwenyewe. Mkiona kwangu hanufaiki, nitafungua mkono. Nguo zake nimekwisha kuzipiga pasi."

Akakaa. Baba Mdogo alikuwa anatazama sakafu.

Hakimu akamwita Chiriku karibu, akaondoa miwani.

"Wewe ungependa nini?"

Chiriku alimtazama Bibi, akamtazama Baba Mdogo. Yule aliyekuwa na neno juu ya kola na tumbo, safari hii alitafuta neno na kulikosa. Mwishowe akasema:

"Nataka kukaa kwa Bibi, na shule yangu." Akameza mate. "Lakini Baba Mdogo anacheka kama Baba. Nikikaa kwa Bibi, sitakisikia kicheko hicho tena?"

Baba Mdogo alifunika uso kwa mikono yake ya useremala.

Hakimu alisoma uamuzi taratibu, akieleza kila hatua. Katiba inataka mtoto alindwe. Sheria ya Mtoto inataka kinachomfaa kitangulie. Mahakama ya juu ilikwisha kuonyesha njia. Chiriku tangu utotoni amelelewa na bibi yake, na shule yake iko hapo. Basi aendelee kukaa kwa bibi yake.

"Na mila haikutupwa nje," alisema Hakimu. "Mila ya ukoo huu inataka mtoto awajue watu wa baba yake. Hilo linamfaa mtoto, kwa hiyo mahakama inalishika. Likizo za shule atakwenda kwa baba yake mdogo. Naye aje kumtazama wakati wowote, kwa kuarifu."

Nje ya mahakama Baba Mdogo alisimama mbali kidogo. Bibi Pasi ndiye aliyemfuata.

"Umekasirika, mwanangu?"

"Sijui, Mama. Nilidhani nikiacha mila nimemwacha kaka."

"Hukumwacha. Umesikia? Mtoto anataka kicheko chako. Mimi hicho sina."

Baba Mdogo akacheka bila kutaka. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika.

Siku zikaenda. Kinyozi aliendelea kutoa sheria pamoja na kunyoa. Lakini sasa, akianza kusema "sheria inasema," sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta:

"Imetoka wapi hiyo? Bungeni, mjini, mahakamani, au kwenye wembe wako?"

"Bi Mkubwa, umekuwa wakili?"

"Bado nachanganyikiwa. Ila siku hizi nauliza."

Na watu walianza kuja kumuuliza. Yeye hakuwapa jibu. Aliwaonyesha njia ya ofisi ya Dada Sheria.

Likizo ilipofika, Bibi Pasi aliutoa mfuko ule ule. Akazipanga nguo zile zile, gauni la njano juu. Baba Mdogo alikuja kumchukua Chiriku, wakaondoka wameshikana mikono. Chumba kikawa kimya. Bibi alifua hata mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Likizo ilipokwisha, mlango usiolia ulifunguliwa.

"Hodi, mke mwenza!"

Bibi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kisha, kwa mazoea ya kazi, macho yake yakashuka kwenye gauni la njano. Kola ilikuwa imepinda. Mgongoni palikuwa na mikunjo iliyopigwa pasi ikakauka hapo hapo. Na kwenye upindo palikuwa na alama ya kahawia, ndogo, yenye umbo la ncha ya pasi.

"Ni nani aliyefanya haya?"

Chiriku alinong'ona. Baba Mdogo alikuwa nyuma yake mlangoni, anajikuna kichwa chenye vumbi la mbao.

"Ni Baba Mdogo. Alimkatalia Mama Mdogo, mke wake, kulishika. Alisema hawezi kunirudisha kwa Bibi Pasi na gauni lisilopigwa pasi. Alilipiga mwenyewe asubuhi yote."

Bibi Pasi aliitazama alama ile. Angeweza kuikata, akashona upindo mpya, na mtu asingejua.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema. "Chai iko tayari."

Jioni alilifua gauni lile, akalipiga pasi vizuri, kola kwanza. Alipofika kwenye upindo aliinua pasi, akapita pembeni. Alama akaiacha pale pale.